Fundi Sikio na Kamera Iliyochubuka

Saa mbili na robo asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili ameketi kwenye meza nyembamba kando ya dirisha, kamera ameibandika sikioni kama anayepokea simu. Anabonyeza. Anabonyeza tena, mara kumi, mara ishirini, macho ameyafumba. Mteja aliyesimama mbele yake hathubutu hata kukohoa.

"Pazia lake limechoka," anasema mwishowe. "Linaburuta mguu. Mwambie mwenyewe ashushe bei, la sivyo mwachie."

Hauzi kamera, wala hatengenezi. Anayetaka kununua kamera ya dijitali iliyotumika humletea kwanza, naye humwambia imechakaa kiasi gani. Duka ni la fundi saa. Yeye amepangishwa meza na dirisha tu. Kwa siku hukagua kamera tatu au nne, na malipo ya moja hayazidi bei ya sahani mbili za chakula. Mtaa mzima humwita Fundi Sikio, na siku hizi ukimwita kwa jina lake halisi huenda asigeuke.

Huanzia chini, kwenye skrubu. Zikiwa na mikwaruzo ya bisibisi, kamera imeshafunguliwa, hata muuzaji aape vipi. Hutazama juu panapochomekwa flashi: rangi ikiwa imeisha, kamera hiyo imekesha kwenye harusi nyingi. Hupiga picha ya ukuta mweupe kutafuta madoa. Mwisho huiunganisha na kompyuta asome pazia la ndani, lile linalofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa, limefunguka mara ngapi tangu kiwandani.

"Watu hununua ngozi," anasema. "Kamera huisha kwa ndani."

Anayasema hayo kwa uchungu, maana aliwahi kununua ngozi yeye mwenyewe, tena kwa niaba ya mdogo wake wa tumbo moja.

Miaka mitatu iliyopita mdogo wake, mpiga picha wa harusi, alimletea kamera inayong'aa kama imetoka dukani jana. Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta haiwaki. Fundi Sikio akatazama namba ya picha ya mwisho: elfu mbili na mia tatu. Akasema chukua.

Namba ile ikifika 9,999 huanza upya. Kwenye kamera hiyo ilikuwa imeshazunguka zaidi ya mara kumi, yaani picha zaidi ya laki moja.

"Nilijua kwamba huzunguka," anasema, akiikunja na kuikunjua nguo ya kufutia lenzi. "Si kwamba sikujua. Ilikuwa nzuri mno, nikaona aibu kuitilia shaka."

Pazia lilikwama bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia. Mdogo wake aliziomba radhi familia mbili, akarudisha malipo, akaliweka begi juu ya kabati na kwenda kuajiriwa kwenye duka la kutoa fotokopi. Waliendelea kutembeleana na kucheka, ila habari ya kamera haikuguswa tena.

"Hakunilaumu hata kwa neno moja. Angenigombeza ningepona mapema."

Saa nne kasorobo mlango unafunguliwa, na anayeingia ni huyo huyo mdogo wake, na mfuko mkononi. Mfanyakazi mwenzake anaolewa Jumamosi na amemwomba apige picha. Ndani ya mfuko mna kamera ya mpima ardhi aliyestaafu, na haitazamiki: mpira wa kushikia umebanduka, pembe zimechubuka, kioo cha nyuma kina michirizi.

Kamera nyingine humchukua dakika ishirini. Hii inamchukua karibu saa nzima. Skrubu hazijaguswa. Ukuta mweupe unatoka mweupe. Kompyuta inasoma 14,206, na aina hii huvumilia laki moja na zaidi. Kilichoitafuna ni begi na vumbi la viwanja. Picha imepiga chache.

Hata hivyo hasemi nunua. Anaisikiliza tena, kisha anamshauri mdogo wake aipeleke pia kwa mkaguzi wa mtaa wa pili, apate macho mengine.

"Huyo nimempita njiani, dada," anajibu mdogo wake, sauti ya chini. "Nimekuja kwako. Ninunue, nisinunue?"

Fundi saa ameacha kazi yake na anatazama pembeni kwa heshima.

"Nunua."

Mdogo wake anaifunga kamera mfukoni, anamshika dada yake begani, anatoka. Fundi Sikio anaikunja nguo ya kufutia lenzi.

Kuhusu mipango yake ana mmoja tu. Jumamosi atafunga meza aende harusini. Kadi hana, na hamjui bibi harusi wala bwana harusi.

"Nitambebea begi," anasema. "Ile siku alisimama peke yake mbele ya watu. Safari hii ikizima, tutasimama wawili."