Lori Lililokunywa Maji ya Watu

Fundi wangu aliniambia nibadilishe rejeta miezi minane kabla sijaibadilisha, na miezi minane hiyo yote nilikuwa na majibu. Mimi ni mtu wa majibu. Mke wangu husema hata siku ya kuzikwa nitabishana na wachimba kaburi kuhusu upana.

Ilikuwa wakati wa vita, ile ya pili. Nilikuwa na lori kuukuu nililolinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa amelichoka, bodi lake la mbao, milango inafungwa kwa kamba. Kila alfajiri nilitoka nalo Mbagala nikiwa nimepakia muhogo, nazi na akina mama wenye mali hiyo, nikawapeleka sokoni Kariakoo, na alasiri nikawarudisha. Mbagala ya siku hizo ilikuwa mashamba na mikorosho, na Barabara ya Kilwa ilikuwa mchanga mtupu ukishavuka Mtoni.

Rejeta ilivuja tangu siku ya kwanza. Mwanzoni nilisimama mara moja njiani kuongeza maji, kisha mara mbili, kisha nikaacha kuhesabu. Fundi, mtu wa Lindi aliyekuwa na kibanda chake Temeke, alikuwa ameilehemu mara nyingi hata akasema shaba imekwisha, imebaki lehemu inayoshikana na lehemu. Akanikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamjibu kwamba mimi ufa nauziba kila wiki. Akasema hapana, wewe ufa unaupaka chokaa. Tukacheka, akalehemu tena.

Kubadilisha kulikuwa na kazi yake. Vipuri havikuwa vinakuja, meli zilikuwa zinabeba askari na mizinga. Fundi alijua lori moja lililopinduka na kuachwa njia ya Pugu, rejeta yake nzima, lakini kuifuata, kuifungua na kuirekebisha ipate kukaa kwenye langu kungechukua wiki nne. Wiki nne lori liko juu ya mawe, na akina mama wangu wangehamia kwa mwenzangu mmoja wa Mbagala hiyo hiyo, ambaye lori lake lilikuwa zima na mdomo wake ulikuwa mtamu. Hilo ndilo nililoliogopa. Abiria akishazoea kukaa kwingine, kumrudisha ni shughuli.

Basi nikatia sabuni ya mche iliyokunwa. Nikatia ute wa yai. Siku moja lilichemkia Mtoni wakati mto umejaa maji ya chumvi kutoka baharini, nikapasua madafu sita ya mama mmoja nikayamimina yote. Lori lilifika, sikatai. Lakini asubuhi yake nilikuta sisimizi wamepanda kutoka gurudumuni hadi kwenye boneti, wamejipanga mstari kama watu wanaongoja mgawo wa sukari. Mwenye madafu akasema lori hili angeliita ngamia, ila ngamia akinywa mara moja hutosheka.

Na kuna jambo ambalo sikumwambia fundi. Nilikuwa napenda kusimama. Pwani maji hayanyimwi mtu. Hata mliyegombana naye akija mlangoni na kiu, unampa kwanza, ugomvi utaendelea baadaye. Kwa hiyo nilikuwa na nyumba zangu njiani. Nilipiga hodi, nikaamkia, nikaulizwa habari za mjini, nikatumwa kibiriti au uzi. Nilijiona mtu wa watu. Nyumba niliyoitegemea kuliko zote ilikuwa ya bibi mmoja aliyeishi peke yake juu ya kilima, pale barabara inapomaliza kupanda kutoka bondeni. Lori lilichemka hapo kila siku bila kukosa. Bibi alikuwa akilisikia linavyokoroma kilimani, anatoka na maji kabla sijazima injini.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, na Ramadhani ikaangukia humo humo. Visima vya bondeni vilikauka hata ikawa mtu anashuka na kata yake ya kifuu, anakaa, anasubiri maji yajikusanye kwenye tope, anachota kidogo, anasubiri tena. Nililijua hilo. Nyumba mbili za njiani zilishaanza kuniambia samahani, leo hatuna. Nami nilinuna, nasema kweli. Niliona watu wamebadilika.

Alasiri moja tulikuwa tunarudi, lori limejaa, kila mtu anawahi futari. Likachemka pale pale juu. Nikateremka, nikafungua boneti, nikanyoosha debe. Bibi alisimama mlangoni kwa muda, jambo ambalo halikuwa desturi yake, kisha akaingia ndani na kutoka na mtungi, akaumimina hadi tone la mwisho. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye rejeta. Nilitia maji, nikapanda, nikaondoka.

Hatukufika mbali. Mvuke ulitoka mwingi kuliko siku zote, na nilipotazama nikaona kifuniko cha rejeta hakipo: nilikuwa nimekiacha juu ya baraza la bibi. Akina mama wakajitwika matenga yao wakamalizia njia kwa miguu, na waliyoyasema kuhusu lori langu hayakuwa maneno ya mwezi mtukufu. Mimi nikarudi kukifuata.

Adhana ya magharibi ilinikuta barabarani, nikafungua kwa tende moja iliyokuwa mfukoni. Mlango wa bibi ulikuwa wazi. Kifuniko kilikuwa pale pale. Uani mafiga yalikuwa na kuni zilizopangwa, moto haujawashwa, na juu yake sufuria kavu. Nikaita, sauti yake ikajibu kutoka bondeni. Nikashuka, nikamkuta amechuchumaa kando ya kisima na kata mkononi, mtungini mna maji ya kufunika kitako tu, mekundu kwa tope. Alikuwa hajafungua.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba maji yale ndiyo yaliyobaki. Akachota kwanza, akamimina, ndipo akanijibu.

"Zamani ulikuwa ukiniomba, mwanangu. Ungeniomba, ningekwambia hamna. Siku hizi unanyoosha debe tu."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika, maana hapo mimi mtu wa majibu ningepata la kujibu. Nilikumbuka kwamba siku ile hata shikamoo sikumpa, wala jana yake. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nikamwomba ile kata, nikachota na kusubiri, nikachota na kusubiri, hadi mtungi ukafika nusu, nikambebea mpaka uani na kumwashia moto.

Kesho yake lori langu lilivutwa kwa kamba hadi Temeke. Aliyelivuta ni yule mwenzangu mwenye mdomo mtamu, na abiria wangu wote walikuwa juu ya lori lake, wananitazama nyuma na kucheka. Fundi nilimwambia neno moja tu, toa. Naye alikuwa na haki ya kusema mengi, lakini alichukua spana akaanza kazi.

Wiki nne zikawa sita. Idi ilipita nikiwa natembea kwa miguu. Baadhi ya akina mama hawakurudi tena kwangu. Yule wa madafu alirudi, akasema amekuja kuona kama ngamia amepona.

Siku ya kwanza ya rejeta ile ya Pugu, mvua zilikuwa bado. Nilijaza debe maji ya bomba mjini, nikalifunika kwa jani la mgomba yasimwagike. Lori lilipanda kilima bila kukoroma, na juu nikalizima mwenyewe. Bibi hakutoka, maana hakusikia kitu. Nikaenda nikapiga hodi, nikamwamkia, nikangoja anikaribishe, ndipo nikateremsha debe. Akalitazama lile debe, akaitazama boneti.

"Halitaki maji leo?"

Nikamwambia halitaki.

"Basi kaa unywe wewe," akasema, akaingia ndani kunichotea kata moja mtungini mwake.

Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nimechukua maji katika nyumba ile karibu kila siku, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaonja. Yalikuwa na chumvi kidogo. Nikaomba tena.