Vichwa Vitano kwa Kila Swali

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Katika saluni yenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni, msusi amebana chanuo kwa meno huku vidole vikikimbia. Mteja wake amesukwa nusu kichwa, kwa hiyo hana pa kukimbilia. Hapo ndipo msusi anapotoa chanuo mdomoni.

"Shoga, hivi pweza ana mioyo mingapi?"

"Pweza?" Mteja anacheka. "Si mmoja, kama mimi na wewe."

Msusi anafuta mikono, anaandika kitu kwenye daftari lililojaa madoa ya mafuta, na kuendelea kusuka. Mteja anambembeleza ampe jibu. Anaambiwa aje kutazama jioni.

Mtaani wanamwita Mama Maswali. Kwa miaka sita, kila baada ya miezi mitatu, mama huyu wa watoto wawili amekuwa akiendesha jioni ya chemsha bongo katika ukumbi wa maktaba. Timu ni za watu wanne wanne, maswali ni arobaini, na kiingilio cha timu hakizidi bei ya kusuka kichwa kimoja cha mtoto. Nusu inanunua vitabu vya maktaba. Nusu ni yake, na kuna wiki ambazo saluni haimpi hata vichwa vitatu.

"Kila swali nalipitisha kwa vichwa vitano," anaeleza. "Wote wakijua, nalitupa. Wote wasipojua, nalitupa vilevile, maana watu hawaji kuaibishwa. Nataka lile ambalo jibu linamcheza mtu ulimini, halitoki."

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyomponza mara ya mwisho. Mteja mmoja aliyetaka misuko midogo alikaa kitini kwa saa sita, na msusi, kwa kunogewa na mazungumzo, akamuuliza raundi nzima ya mwisho na kumpa majibu yote. Mteja akamsimulia mumewe, fundi umeme. Siku ya shindano, timu ya fundi ikapata kumi kwa kumi.

"Nilijua palepale," anasema. "Fundi alijibu kwa maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno."

Alisimama mbele ya ukumbi, akaeleza yote, akaifuta raundi na kuomba radhi. Hata hivyo midomo haikufungwa. Karani mmoja alisema kwa sauti, makusudi asikike, kwamba mtu aliyeishia shule ya msingi arudi kwenye nywele zake.

Maneno hayo yalimchoma, wala hafichi. Tangu hapo kichwa kimoja husikia swali moja tu, bila jibu, na mwenye timu haulizwi kitu. Tena alijiwekea sharti: safari hii zikija timu chini ya kumi, anaacha.

Saa kumi na moja jioni amesimama mlangoni mwa ukumbi na beseni la kuoshea nywele. Simu zote zinalala humo. Anayetangulia kufika ni fundi umeme.

"Yangu iwe ya chini kabisa, mama," anasema. "Na ya mke wangu hii hapa."

Kabla ya saa kumi na mbili beseni limejaa, linatafutwa la pili. Timu ni kumi na tisa. Hazijawahi kufika idadi hiyo.

Katika raundi ya tatu, jibu la pweza likisomwa, yule karani ananyanyuka. "Mioyo mitatu? Nani kasema?"

Msusi hapandishi sauti. Anafungua daftari na kutaja kitabu cha viumbe wa baharini, ukurasa wa themanini na mbili. Mkutubi anakishusha rafuni na kumpa karani, ambaye anasoma kimyakimya.

"Tusomee na sisi," watu wanamwambia.

"Mitatu," anasema, na kukaa. Ukumbi unapiga makofi, na fundi umeme ndiye wa mwisho kuacha.

"Vitabu anavyoazima vinarudi vikinukia mafuta ya nywele," mkutubi anasema akicheka. "Na sijui mwingine aliyezimaliza rafu zangu kama yeye."

Shindano likiisha na viti vikishapangwa, msusi anatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari. Ni fomu ya mtihani wa sekondari kwa watu wazima. Amekaa nayo tangu siku ile ya aibu, bila kuijaza.

"Miaka sita nauliza mimi," anasema. "Mwakani nataka niulizwe."

Anaijaza palepale, juu ya meza ya waamuzi. Penye nafasi ya kazi anaandika "msusi". Anaitazama kidogo, kisha anaongeza: "na mtunzi wa maswali".