Punguza Wanga

Nilipoacha kufundisha baiolojia Mbeya na kupata kazi ya kuandika habari za afya katika ofisi moja mjini Sumbawanga, nilidhani nimepata kazi nyepesi. Baiolojia nilikuwa naijua, kuandika nilikuwa naweza, na Kiswahili je, nani wa kumfundisha Mtanzania Kiswahili? Daktari aliyekuwa mkuu wangu alinipokea kwa onyo. Kila jambo, alisema, nitaliandika mara tatu: mara moja kwa madaktari wenzake, mara moja kwa watu wa mjini wanaosoma vipeperushi, na mara moja kwa redio, ambayo watu huisikiliza huku wanapukuchua mahindi au wanamwogesha mtoto. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Nilimwitikia kwa adabu, moyoni nikasema huyu mzee hanijui.

Jambo la kwanza alilonipa lilikuwa kisukari. Taarifa ya madaktari niliimaliza upesi, nikaijaza kabohaidreti na maneno mengine wanayoyapenda wenyewe. Kipeperushi nacho hakikunisumbua: mgonjwa apunguze vyakula vya wanga, kama vile ugali, wali na viazi. Redio ndiyo iliyonitoa jasho. Kila nilipopeleka karatasi, mkuu wangu aliirudisha akisema fupisha, msikilizaji hawezi kurudi nyuma akasoma tena. Nikafupisha. Nikatoa ugali, wali na viazi, maana orodha huchosha sikio. "Vyakula vya wanga" nikaikata, ikabaki "wanga". Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa watu wa vijijini wanapenda methali, nikatia methali. Tangazo likawa hivi: "Ndugu msikilizaji, kikulacho ki nguoni mwako. Adui wa mgonjwa wa kisukari ni wanga. Wanga umo nyumbani mwako. Punguza wanga leo, umwokoe mgonjwa wako."

Mkuu wangu alilisoma akiwa anatoka kwenda kikaoni, akasema hapo sasa umeweza. Yeye naye ni mtu wa kuja, kama mimi. Kijana wa redio alilisoma kwa sauti nzito ya mhubiri, asubuhi na jioni, na mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio ili mwenye nyumba wangu alisikie.

Siku ya kliniki ya kisukari nilikwenda hospitali kuwauliza wagonjwa kama wamelielewa tangazo. Benchi zima liliitikia kuwa wamelielewa, tena vizuri. Nikafurahi, nikauliza sasa wanafanya nini nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa amefuata dawa za mumewe, amejifunga kitenge juu ya sweta, alinijibu kwa sauti ya chini kwamba kwao wameshaanza. Ndugu za mumewe watakutana Jumapili kumjadili mama mkwe.

"Vizuri sana," nikasema. "Familia ikikaa pamoja ni jambo jema."

Alinitazama kama niliyemtukana. Mzee aliyekaa pembeni yake aliniuliza kama mimi si wa huku. Nikasema natoka Mbeya. Akacheka kidogo, cheko la kumhurumia mtu, akaniuliza jina la mji huu maana yake nini. Hilo kila mtu analijua, hata sisi wa kuja tunaambiwa siku ya kwanza tunaposhuka kwenye basi: sumba wanga, kwa Kifipa, tupa uchawi. Nilifungua mdomo nimjibu, na hapo neno likanigeuka mdomoni. Tangu nifike nilikuwa naliandika jina la mji huo juu ya kila barua, na bado sikuwahi kuliona neno lililokuwa ndani yake. Nilikuwa nimewatangazia watu wa huku Ufipa, asubuhi na jioni, kwa sauti ya mhubiri, kwamba anayemmaliza mgonjwa wao ni uchawi, kwamba umo ndani ya nyumba, na kwamba waupunguze.

Niliogopa. Sisemi nilishtuka au nilifadhaika. Niliogopa, nikakaa kwenye benchi na wagonjwa. Sote tunajua wanawake wazee wametendwa nini katika nchi hii baada ya vikao vya namna hiyo. Nilimpigia mkuu wangu, akalisimamisha tangazo saa hiyo hiyo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwomba yule mama anipeleke kwao, naye akakubali.

Tulipanda bodaboda moja, sisi wawili na dereva, tukashika njia ya Kasesya, kisha tukaiacha lami na malori yake na kuingia kwenye vumbi. Upepo wa uwanda ulikuwa unakata masikio. Njiani nilikuwa napanga maneno. Mimi ni mwalimu, nilijiambia, nitawafundisha, wataelewa, tutacheka, yataisha.

Mumewe alikuwa amekaa juani kwenye kigoda, mtu wa makamo aliyekonda, na kaka zake wawili wamesimama karibu naye. Walinikaribisha vizuri, wakaniletea kiti. Mama yao sikumwona. Nikaanza. Nikawaeleza kuwa wanga wa kwenye tangazo si ule wanaoufikiria wao. Ni kitu ambacho hakionekani kwa macho. Kaka mkubwa akatikisa kichwa, ndivyo. Kinaingia mwilini taratibu, mtu asihisi. Ndivyo. Kikishaingia kinakwenda kwenye damu, na huko kwenye damu ndiko kinakomdhuru. Wakatazamana, wakasemezana kidogo kwa Kifipa, na yule mama akainamisha kichwa. Hapo nikajisikia ninavyosikika. Kila sentensi ilikuwa sahihi, ningeweza kuiandika ubaoni, na kila sentensi ilikuwa inamfunga yule bibi kamba nyingine.

Nikaacha ualimu. Nikasema kwa kifupi kwamba kitu chenyewe kimo kwenye ugali.

Mgonjwa alifikiri kidogo. "Kwenye ugali," akasema. "Na ugali wa hapa anapika nani, dada?"

Akaendelea kunieleza, kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mgeni kuelewa. Tangu mama aache kupika, yeye amepata nafuu. Kiu imepungua. Usiku haamki tena kwenda haja kila mara. Mkewe akathibitisha kuwa ni kweli. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anasema uongo, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mimi ndiye niliyewaambia wapunguze wanga, na dalili zilikuwa zinashuhudia dhidi ya mama yao.

Nikauliza anakula nini siku hizi. Nilikuwa nauliza ili nipate muda tu, Mungu anajua, sikuwa na mpango. Mkewe akasema ni maharage na mboga za maboga, na ugali kidogo tu, maana hana hamu, anaogopa chakula. Na zamani? Zamani mama alikuwa anamjazia sahani, mtoto wake mgonjwa ale apate nguvu.

Ningeweza kumkumbatia. Nikawaambia basi jaribuni jambo moja. Mama arudi jikoni, lakini apike haya haya anayoyapika mke: maharage, mboga, ugali wa kiasi cha ngumi. Muuguzi wa zahanati ampime sukari mgonjwa. Ikibaki chini, mtajua kilichopungua hapa ni ugali, mama hana kosa. Kikao cha Jumapili kisubiri majibu. Kaka mkubwa hakupenda, nilimwona. Lakini mgonjwa mwenyewe alisema tujaribu, na mwenye ugonjwa akisema, wengine hunyamaza.

Mama yao nilimkuta nyuma ya kihenge cha mahindi, anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia shikamoo. Alichelewa kuitikia marahaba, akiniangalia kama anayetafuta nimetumwa na nani. Mkwe wake alimweleza kwa Kifipa kuwa anatakiwa arudi kupika. Bibi akayatazama maharage, akasema sawa.

Nikarudi mjini, na hofu ya kweli ikaanza. Kwao nilikuwa nimezungumza kama mtu mwenye uhakika, lakini sukari ya damu najua tabia yake. Inapanda kwa homa. Inapanda kwa wasiwasi, na nyumba ile ilikuwa imejaa wasiwasi. Inapanda kwa kibuyu cha togwa tamu kwa jirani ambacho mtu hatamwambia mkewe. Nilikuwa nimeuweka uhai wa bibi wa watu kwenye tone la damu la mtu mwingine, na nikaliita jambo hilo sayansi. Kila simu ilipolia nilikuwa nashika kifua kwanza. Kazini walinidhani naumwa. Mkuu wangu, ambaye naye alikuwa halali vizuri, alikuja mezani kwangu akasema hata yeye alilisoma lile tangazo. Haikunisaidia, ila nilimshukuru.

Katika siku hizo niliandika tangazo jipya. Nililipeleka kwenye benchi la kliniki kabla ya kulipeleka redioni, na sikuuliza tena kama wameelewa. Niliuliza kila mmoja, ukifika nyumbani utamwambia nani nini? Mmoja akasema atamwambia mkewe apunguze kumwandalia. Tukaongeza sentensi kwamba mpishi hana kosa. Mwingine akauliza kama na viazi vimo, nikavirudisha viazi. Tangazo likawa refu, na mkuu wangu hakulifupisha.

Simu ilikuja nikiwa sokoni nanunua vitunguu. Alikuwa yule mama. Mumewe amepimwa, sukari imebaki chini. Muuguzi amewasomea namba mbele ya kaka mkubwa, naye amekula mchana hapo hapo, chakula cha mama. Kikao hakipo tena. Niliweka kikapu chini nikalia kati ya wauza vitunguu, na mmoja wao akaniuliza kama nimefiwa.

Nilikwenda kuwaona wiki iliyofuata. Nilibeba sabuni na majani ya chai, nimejaa furaha, na nakiri nilitaka pia kushukuriwa. Mgonjwa alinipa mkono mara mbili. Bibi alikuwa jikoni peke yake, anasonga ugali mdogo kwenye sufuria kubwa. Aliniambia nikae. Alikuwa hanitazami, anatazama mwiko.

Nikamwambia sasa yamekwisha, bibi, hakuna tena wa kukukataza jikoni kwako.

"Hakuna aliyenikataza," akasema. "Niliacha mwenyewe. Nilisikia tangazo, nikaacha kesho yake."

Sikuelewa upesi. Nilikuwa nimedhani wamemfukuza. Hata siku moja sikuwa nimeuliza. Akakoroga, akageuza, akaniuliza kwa sauti ambayo watu wa nje wasingeisikia kama mtu anaweza kuwa nao asijue.

"Kuwa na nini, bibi?"

"Wanga."

Nikasema hapana. Nilisema kwa nguvu, nikashika magoti yake, nikamweleza yote tena, ugali, sahani, ngumi, namba za muuguzi. Sukari ilibaki chini, bibi, na mpishi ni wewe. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kama mtu mzima anavyomsikiliza mtoto anayekariri.

"Ilibaki chini kwa kuwa nilikuwa naomba," akasema. "Kila nikikoroga naomba Mungu mkono wangu usimdhuru. Sasa niambie, mjukuu wangu, siku nikisahau?"

Kutoka uani mtoto wake aliita kwa sauti ya njaa, akiuliza kama chakula kiko tayari. Bibi akaipua, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kucheza.