Baiskeli ya Kike

Kuna watu wakipanda basi wanalala, kuna wanaopiga soga mpaka mwisho wa safari, na kuna dobi wetu, ambaye akipanda basi anatapika. Tena si kichefuchefu cha kawaida. Huyu bwana hutapika kabla dereva hajawasha injini. Harufu ya viti peke yake inamtosha. Kwa hiyo maisha yake yote hakuwahi kufika mahali ambapo miguu au baiskeli haikumfikisha. Mtaani wanamwita Nukta, kwa ajili ya kimo chake, na yeye hujitambulisha hivyo mwenyewe kabla hujamwita, ili akuwahi.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua pembeni, pasi mbili, na nguo za watu zilizoning'inia kila upande. Ukiingia ulikuwa unaona viatu vyake chini ya makoti, kisha unasikia sauti: "Karibu, nakuja!" Fundi bomba, aliyekuwa na duka mlango wa pili, hakuwahi kupita bila kutupa neno. "Shemeji, leo umefua za nani?" Shemeji, eti, kwa sababu anafua nguo kama mke wa mtu. Nukta alikuwa anacheka naye, ha ha ha, huku pasi ikiendelea. Lakini tusidanganyane. Mtu anaweza kuchekea jambo miaka nenda rudi na bado likawa linamchoma vilevile kila siku.

Siku moja dada yake alimpigia simu. Huyu dada ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Ndiye aliyemfundisha kufua, kufikicha kola, kupiga pasi mkono wa shati bila kuacha mistari miwili. Aliishi mji mwingine, ng'ambo ya vilima, safari ya siku mbili kwa baiskeli.

"Mdogo wangu, naolewa."

"Unaolewa? Na nani?"

"Na mwanamume. Ulidhani na nani?"

Wakacheka mpaka wakalia. Dada alikuwa amepita hamsini, na huko aliko watu walishamweka kwenye fungu la wasio na mtu. Ndipo akasema alichopigia. Alitaka Nukta aje asimame kando yake siku ya kutia saini, awe shahidi wake. "Huku wanasema sina ndugu. Wanasema nimeokotwa. Njoo wakuone." Na gauni lake alikuwa ameshalituma kwa basi ili alifue na kulinyoosha yeye, kisha aje nalo mwenyewe. "Sitaki dobi mwingine aliguse."

Sasa baiskeli. Ile ya kupelekea nguo kwa wateja ilikuwa ya zamani, haina gia, na uma wake wa mbele ulikuwa na ufa ambao ungemwacha kilima cha kwanza tu. Alihitaji baiskeli ya safari ndefu: nyepesi kiasi, yenye gia za kupandia, breki za kuaminika, keria imara nyuma. Na fedha aliyokuwa nayo haikuwa ya kuringia. Wakaenda yeye na mkewe kwa muuza baiskeli za mitumba, mtu mwembamba anayetafuna kijiti muda wote, na uwanja wake umejaa magurudumu.

Mkewe ndiye aliyeiona. Ilikuwa ya kijani iliyopauka, ya chuma, ina gia tele, tairi zisizo nene wala nyembamba, keria iliyochomelewa vizuri. Nukta alikaa juu yake na nyayo zote mbili zikagusa chini. Akazunguka nayo uwanja mzima. Ilikwenda kimya, kana kwamba imepakwa siagi. Na bei ilikuwa ile ile waliyokuja nayo.

"Basi, tumemaliza," mkewe akasema.

Kasoro ilikuwa moja tu, kama ni kasoro. Haikuwa na lile bomba la juu linalotoka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Bomba lake lilikuwa limeinama chini, ili mwenye sketi apite. Kwa maneno mengine, ilikuwa baiskeli ya kike.

Na nani anaingia uwanjani wakati huo, akitafuta tairi? Fundi bomba. Akasimama, akamtazama Nukta juu ya ile baiskeli, mdomo ukaanza kutanuka taratibu. "Hee! Shemeji! Imekukaa!"

Muuza baiskeli akacheka. Hata mkewe kicheko kidogo kilimponyoka, akakimeza. Nukta alishuka kama aliyekalia kaa la moto. "Nilikuwa naijaribu tu," akasema. Kisha akainyooshea kidole baiskeli moja nyekundu iliyoegemezwa ukutani, ya mbio, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo, bomba la juu limenyooka sawasawa. "Nachukua ile."

"Ile ni ndefu kwako, baba," muuzaji akasema, kijiti mdomoni. "Kiti nimeshakishusha mpaka mwisho."

"Nimesema ile."

Mkewe alimvuta pembeni. "Mume wangu, miguu haifiki chini. Ukitaka kusimama utafanyaje?"

"Sitasimama," akajibu, na fundi bomba alikuwa anasikia.

Haya. Jumamosi alfajiri akaondoka. Gauni, la rangi ya maziwa, lilikuwa limenyooshwa hadi ukiligusa linateleza; akalikunja ndani ya shuka safi, akalifunga kwa nailoni, akalilaza juu ya keria ndogo aliyoibandika mwenyewe kwa skrubu, maana baiskeli za mbio hazikuumbwa kubeba mizigo. Kwenye tambarare mambo yalikwenda vizuri, hatuwezi kukataa. Ila kila alipotaka kupumzika ilibidi atafute jiwe, ukuta au ukingo wa daraja wa kukanyagia. Pasipo na kitu, alikuwa anaruka, na akiruka lile bomba la juu lilikuwa linamkumbusha kwamba yeye ni mwanamume, na si kwa upole. Akajikaza kisabuni. Usiku alilala nyumba ya wageni akiwa ametanua miguu, na asubuhi alitembea kama bata.

Siku ya pili vilima vikaanza. Katikati ya mpando akabadilisha gia, cheni ikakwama, baiskeli ikasimama. Mguu wake wa kulia ukashuka kutafuta ardhi. Ardhi haikuwepo. Alianguka polepole, mzima mzima, bila gari lolote karibu na bila mtu wa kumsukuma, na alipoinuka kiwiko kilikuwa kinavuja damu na keria imeng'oka. Furushi lilikuwa limelalia cheni. Nailoni ilipasuka, shuka ikapasuka. Alipolifungua gauni aliona mbele yake, pale tumboni, mstari mweusi wa grisi, na meno ya gia yamejichora moja moja.

Alikaa kando ya barabara akalitazama. Aliwaza ile ya kijani. Alijitukana matusi ambayo sitayaandika hapa.

Alifika jioni akiikokota baiskeli. Dada yake alikuwa mlangoni. Alipokiona kile kiwiko alipiga ukelele, akamkamata mabega. "Mdogo wangu! Nani amekufanya hivi? Lori? Ni lori, si ndiyo? Haya malori ya vilimani yatatumalizia watu!"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini angesema nini? Kwamba ameanguka mwenyewe kwa sababu alinunua baiskeli isiyo saizi yake? Na angeulizwa kwa nini. Dada alikuwa ameshampikia uongo, akampakulia, yeye kazi yake ni kufungua mdomo tu. Nukta akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Kisha akatoa gauni. "Dada, nipe maji ya moto na sabuni ya vyombo. Grisi mimi naiweza. Kesho asubuhi hutajua ilikuwa wapi."

Dada alilinyanyua gauni kwenye taa. Alilitazama lile doa muda mrefu, macho yakamjaa machozi. "Usiliguse," akasema.

"Dada, ni kazi ndogo."

"Nimesema usiliguse! Nitalivaa hivi hivi. Nataka waniulize hili doa ni la nini. Nataka niwajibu."

Akajaribu tena, akabembeleza, akasema ni aibu kwa dobi. Wapi! Dada yule akishasema amesema. Usiku kucha Nukta aliwaza kuamka na kulifua kwa siri, lakini dada alilala nalo chumbani kwake.

Asubuhi, kwenye ofisi ya ndoa, watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Na kweli waliuliza. Kila aliyeuliza alijibiwa kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Ndugu yangu huyu. Lori lilimpitia vilimani, lilimtupa chini, akaamka akaniletea gauni langu. Na mlikuwa mnasema sina mtu!" Wanaume wakamshika Nukta mkono. Mama mmoja mzee akamkumbatia. Bwana harusi, mwalimu mstaafu mpole mwenye mvi, akamwambia, "Shemeji, nakushukuru." Shemeji. Safari hii neno lile lilisemwa kwa heshima tupu, na likamuuma kuliko yote ya fundi bomba. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitia saini ya shahidi huku jasho likidondoka kwenye karatasi.

Nje mpiga picha akawapanga ukutani, dada na ndugu yake wawili tu. Dada akajinyoosha, akasogeza mkoba pembeni ili lile doa lionekane vizuri. "Lichukue na hili," akamwambia mpiga picha. Kamera ikalia.

"Dada," Nukta akanong'ona. "Hakukuwa na lori."

Dada hakugeuka. "Unasemaje?"

"Nilianguka mwenyewe. Miguu haikufika chini. Kulikuwa na baiskeli nyingine, nzuri, ya kunitosha, bei ile ile. Sikuitaka." "Ilikuwa ya kike. Niliona haya watu wangenicheka."

Mpiga picha alikuwa anapangusa kioo cha kamera yake kwa kitambaa. Watu walikuwa wanacheka kwenye ngazi.

"Zahanati nilikuwa nakupeleka na nini?" dada akauliza, taratibu. "Homa zile zote. Shuleni. Mvua inanyesha, umenishika kiuno. Ilikuwa ya kiume ile?"

Nukta aliikumbuka baiskeli ile vizuri sana. Ilikuwa nyeusi, na bomba lake liliinama chini.

"Nyingine!" mpiga picha akaita. "Tabasamu!"

Dada akatabasamu. Kisha akauchukua mkoba wake kwa mikono yote miwili, akauleta mbele, akaubana tumboni, akalifunika doa.

Toka hapo hakumwambia mtu yeyote habari ya lori, wala hakuikanusha. Alimpakulia Nukta chakula kama ndugu, akamfunga kiwiko vizuri, akamtakia safari njema. Hakumwambia aje lini tena.

Nyekundu ile ilirudi kwa muuza baiskeli kwa hasara, na bahati ilikuwa kwamba ya kijani bado ipo. Siku hizi Nukta anawapelekea wateja nguo nayo mchana kweupe. Fundi bomba alimtania juma zima, akachoka, maana hakuna anayecheka naye tena.

Picha ililetwa kwa basi ndani ya bahasha, moja tu, ile ya pili. Nukta ameitundika juu ya meza ya pasi. Wateja wanaipenda, wanasema wamefanana macho. Wengine wanauliza kwa nini bibi harusi ameukumbatia mkoba hivyo, kama anaogopa kuibiwa.

"Ananifichia kitu," Nukta anajibu, na anachukua shati linalofuata.