Aliyeifundisha Simu Kusema Haijui

Tumemzika kwao Mhunze juma lililopita, wasomaji wangu. Homa ya siku chache tu imemchukua rafiki yangu. Msibani alitajwa kama fundi wa kompyuta wa Kahama, basi. Nilitaka kusimama niongeze neno, nikabaki nimekaa.

Ningesema hivi. Aliandika programu ndogo akaigawa bure, na watengenezaji wengine wa programu waliichomeka ndani ya kazi zao. Inafungua njia kutoka kwenye simu hadi seva, ile kompyuta kuu inayotunza habari, kisha inatulia na kusikiliza. Kukiwa na habari, seva inaituma yenyewe, simu haina haja ya kuuliza kila dakika. Nilimtania kwamba ameajiri mmbea asiyelala. Alicheka, akaendelea kubonyeza.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa upande wa Bugarama waliitumia kupeana tahadhari. Duara moja, yaani shimo la kuchimbia, likitaka kulipua baruti, simu za maduara ya jirani zinapata onyo, watu hawashuki. Siku moja mtandao ulikatika kidogo. Onyo likapita wakati huohuo, na mtandao uliporudi simu ilikuwa bado imeandika "Salama". Lakini pale wana desturi yao: mshika kamba hamshushi mtu kabla hajamwita jirani na kuitikiwa. Aliita, kimya. Akazuia kamba. Hawajakaa sawa, ardhi ikatikisika kwa mlipuko wa jirani.

Nilikuwa na rafiki yangu dukani kwake siku mama mwenye duara lile alipokuja. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kukaa.

"Mwanangu, simu yako ilisema salama. Ilijuaje?"

"Haikujua, mama. Ilikuwa inarudia habari ya zamani."

"Basi iseme haijui. Sisi jirani akinyamaza hatushuki."

Rafiki yangu hakujitetea. Siku zilizofuata hakutaka hata chai. Alirekebisha programu ili ikirudi mtandaoni itaje ujumbe wa mwisho ilioupata, itumiwe yote yaliyopita baada ya huo. Tena seva ikawa inatuma ishara ndogo hata pasipo na habari. Ishara ikikosekana, "Salama" inafutika na simu inaandika "Sijui". Watu wa nchi ambazo hakuwahi kufika walimwandikia kumshukuru.

Naye akawa hivyohivyo. Katika mji wetu ambao kila mtu anajua mwamba wenye dhahabu ulipo, yeye ukimuuliza jambo alijibu, "Sijui, ngoja niulize." Nimemkumbuka mno kwa hilo. Juzi nilipita dukani kwake nikiwa na swali, nikakuta kufuli, nikasimama pale kama mjinga.

Lipo ambalo sikulisema kwa yeyote pale Mhunze. Aliniomba niandike maelezo ya programu ile kwa Kiswahili, ili vijana wa huku waweze kuiendeleza hata asipokuwepo. Aliniuliza mara tatu imefikia wapi. Mara zote tatu nilimjibu, "Inakaribia kuisha, ndugu yangu." Sikuwa nimeandika hata mstari. Alipolazwa alimwambia mkewe asiwe na wasiwasi na kazi ile, maelezo yapo kwangu.

Anayekuamini akikuuliza kazi imefikia wapi, mwambie ukweli, hata ukiona aibu, maana huenda angekaa na wewe mkaifanya pamoja. Mimi nimeanza jana. Nimekwama mstari wa tatu, na wa kumuuliza nimemzika.