Alikuwa Amesoma

Jumatano nilikuwa kwa saiba moja, duka la kompyuta, pale Sotik, nikingoja kutoa kopi ya kitambulisho. Mbele yangu alisimama mama mwenye vidole vilivyoiva weusi kwa kuchuma majani chai. Alikuja kuchapisha ratiba ya mazishi ya binti yake.

"Tuweke picha gani, Mama?" akauliza msichana wa kompyuta.

"Ile ulimpiga ya fomu ya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Si bado iko?"

Ilikuwepo. Msichana akaandika, kisha akanong'ona, "Kwa elimu niseme alikuwa chuo? Hakuna mtu atauliza."

"Usiweke uongo. Mtihani ni Jumatatu. Weka alikuwa amesoma. Mimi sijui kusoma, lakini kila jioni nilikuwa namshikia kitabu kikinielekea mimi, namwambia aseme, na anasema yote bila kuangalia."

Ratiba za mazishi huku kwetu hujaa vyeo ambavyo marehemu mwenyewe angeshangaa kuviona. Kwa elimu, hii ilipata mstari mmoja.

Karatasi ilipotoka, mama akaishika kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea yeye.

"Haya," akamwambia msichana, "sema."