Mwalimu na Karatasi ya Vitumbua

Mwalimu mmoja wa sekondari aliangushwa na sehemu ya Kiingereza katika mtihani wa kuingia shahada ya pili. Anaurudia mwezi ujao. Jumatatu nilimkuta Mbugani kwa mama anayefungia vitumbua magazeti ya Kiingereza, akinakili maneno magumu daftarini.

"Hiyo habari inasemaje?" mama akamuuliza.

"Bado nakusanya maneno, mama."

Mama akalifunika daftari kwa kiganja chenye mafuta. "Soma, uniambie."

Akasoma, jasho likamtoka. "Kiwanda kimeuzwa. Wafanyakazi wanapunguzwa."

"Haya. Kesho nakufungia ya bunge."

"Ndaga, mama," akashukuru.

Mama huyo Kiingereza hakijui. Lakini sisi tuliosoma tulimwacha mwalimu akariri kamusi, tukimsifu kwa bidii yake.